Anzia ndani, lakini usiishie ndani

Wale mnaokaribia UE nawaombea nguvu, na wale ambao zimewatembelea vibaya msikate tamaa, sapu si kifo.

Leo naomba tuongee jambo ambalo tumelibishania sana hapa bwenini, mpaka juzi watu wakalala saa nane usiku. Kuna sentensi moja imeshika kasi kweli hapa chuoni. Ukimwambia mtu, "Ndugu, mbona kila Alhamisi unamsainia mwenzako mahudhurio, na Ijumaa wewe ndiye unaongoza maombi?" atakujibu kwa upole, "Mungu anaangalia moyo, bwana." Ukimkumbusha mwingine ile elfu ishirini aliyokopa kabla bumu halijatoka, naye anakuja na hiyohiyo, kwamba Mungu anaangalia moyo. Yaani moyo umekuwa kama kabati lenye kufuli. Kila mtu anasema vyake vizuri vimo humo, ila hakuna anayeruhusiwa kuchungulia.

Wapo pia wenzetu wa upande wa pili, hasa wale waliosoma sosholojia mwaka wa kwanza. Wao wanasema habari za moyo ni porojo za kanisani. Rekebisha mfumo, weka sheria kali, weka kamera, ongeza mishahara, watu watanyooka wenyewe. Mlokole na asiye mlokole wote watakuwa waaminifu wakibanwa.

Mtazamo wangu mie ni kwamba maisha ya Kikristo yanaanzia ndani, kwa mtu mmojammoja kugeuzwa moyo, na hakuna njia ya mkato. Lakini badiliko hilo lina kipimo, na kipimo chake kipo nje: kwenye mfuko wako, kwenye ulimi wako, na kwa yule jirani ambaye si wa kabila lako. Likiishia ndani, basi halijaanza. Na sisemi haya kwa kutunga. Kwetu kumetufundisha, kwa uzuri na kwa uchungu.

Kwa wasionijua, mie baba ni wa Ngara na mama ni wa Biharamulo. Kwa hiyo nina bibi wawili, mmoja ananisalimu kwa Kihangaza na mwingine kwa Kisubi, na wote wananiuliza lini nitamaliza huo ualimu. Kule kwetu tumepakana na Rwanda na Burundi. Ukisimama juu ya kilima unaona nchi ya watu, na mpaka wenyewe ni mto tu.

Nianze na wale wenzetu wa mfumo, niwape haki yao. Waliosafiri na mabasi ya Kagera miaka ya 2000 wanakumbuka mapori yetu. Kulikuwa na majambazi wenye bunduki, na mabasi yalikuwa yanakusanywa yaende kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye silaha. Wazazi wetu wanasimulia jinsi gari zima lilivyokuwa linanyamaza likiingia pori la Biharamulo, hata mtoto halii. Polisi walisaidia, nani atabisha? Sheria inasaidia. Sitaki mtu aje kuniambia kwamba mie napinga polisi au napinga msimamizi wa mtihani.

Ila tujiulize polisi alikuwa anafanya nini pale. Alikuwa anamzuia jambazi asiteke basi hili, leo, hapa. Hakuwa anamfanya jambazi aache kulitamani basi. Msafara ukishapita, jambazi anabaki porini na njaa yake ileile. Ndivyo ilivyo na msimamizi wa mtihani. Akiwepo, nondo zinabaki mfukoni. Akitoka kwenda kupokea simu, mnaona wenyewe kinachotokea. Yesu alilisema hili waziwazi kwa Mafarisayo, kwamba kuosha kikombe kwa nje hakusaidii kama ndani kumejaa unyang'anyi. Nabii Ezekieli alilisema mapema zaidi, kwamba Mungu atatoa moyo wa jiwe na kuweka wa nyama. Sheria haiwezi kufanya kazi hiyo ya kubadilisha moyo. Hapo ndipo Ukristo unapoanzia, na hapo mie nipo upande wa walokole.

Sasa twende kwenye historia kidogo, maana wengi tunaimba Tukutendereza bila kujua ilikotoka hamasa yake.

Kuna mahali panaitwa Gahini, mashariki ya Rwanda, kando ya ziwa Muhazi. Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara ukaifuata barabara ya Kigali, ukifika Kayonza ukachepuka kaskazini kidogo, umefika. Miaka ya 1920 mwishoni palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana, na daktari wake alikuwa Mwingereza anaitwa Joe Church. Mambo yalikuwa magumu, njaa, uchovu, na watumishi hawaelewani. Mwaka 1929 Church alikwenda Kampala, akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Wanahistoria wengi wanaiona siku hiyo kama mwanzo wa Uamsho wa Afrika Mashariki.

Lakini mie habari inayonigusa si ya Church. Ni ya Yosiya Kinuka, aliyekuwa msimamizi wa wahudumu pale hospitalini. Kinuka hakuwa na raha na kazi, hakuwa na raha na daktari, na alitaka kuondoka. Akapelekwa Kampala kwa Nsibambi. Nsibambi akamuuliza habari za hospitali, naye akafungua malalamiko: kazi haiendi, watu wavivu, vitu vinaibwa, kila kitu hovyo. Nsibambi akamsikiliza, kisha akamwambia kwamba hali mbaya ya hospitali ile inatokana na dhambi iliyo moyoni mwake yeye Kinuka.

Jamani, hebu fikiria. Mtu umekwenda kulalamika, unaambiwa shida ni wewe! Kinuka alichukia. Lakini akiwa njiani kurudi, juu ya lori, lile neno likamwingia, akajikabidhi kwa Kristo. Alipofika Gahini wenzake waliona mtu mwingine. Na kazi ikabadilika, kwa sababu msimamizi alibadilika.

Angalieni mpangilio wake. Nsibambi hakumwambia Kinuka aandike kanuni mpya za hospitali. Alianzia moyoni. Lakini pia matokeo yake hayakubaki moyoni, yalionekana wodini. Mgonjwa aliyelazwa pale, ambaye pengine hakujua chochote kuhusu wokovu, alifaidi. Hilo ndilo badiliko ninalolisema.

Baadaye akaja Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyekuwa mwalimu wa wainjilisti palepale Gahini. Mwaka 1935 alijitenga wiki nzima kwenye kijumba akiomba. Alipotoka alikuwa anahubiri kwa moto, na alianza na nyumba yake na shule yake kabla ya kwenda kwingine. Mwanzoni mwa 1936 alifariki kwa homa akiwa Kampala, kijana bado, lakini moto ulikuwa umeshashika. Ukaenea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, na kwetu.

Na kwetu uliingilia wapi? Wanafunzi wa elimu mkae vizuri hapa. Uliingilia chuo cha ualimu! Katoke, mkoani Kagera, upande wa Muleba (siyo Katoke ya seminari ya Biharamulo, msichanganye). Mwaka 1939 chuo cha Katoke kilikuwa chini ya Lionel Bakewell, na uamsho ukawakumba walimu na wanafunzi. Vijana wa rika letu, waliokuwa wanajifunza kushika chaki kama sisi, ndio waliotawanyika nao vijijini. Mwalimu anapobadilika habadiliki peke yake, anabadilika na darasa zima nyuma yake.

Wale watu waliitwa Balokole, neno la Kiganda lenye maana ya waliookolewa, ndipo na sisi tukapata "mlokole." Leo ukisema mlokole, hapa chuoni watu wanafikiria sketi ndefu na mkesha wa Ijumaa. Zamani mlokole alijulikana kwa mambo mengine. Alirudisha alivyoiba. Alikwenda kulipa madeni ambayo mwenye kudai alishasahau. Alirudisha jembe, mbuzi, dawa za hospitali, fedha za ofisi. Mume alimwomba mkewe msamaha mbele ya watoto, jambo ambalo kwa mila zetu lilikuwa kichekesho. Wazungu wamisionari walisimama mbele ya Waafrika wakatubu kiburi chao, wakati ule wa ukoloni! Waliita kutembea nuruni, maana yake kutokuwa na kabati la siri.

Festo Kivengere naye alipitia humo. Huyu wengi mnamjua kama askofu wa Kigezi, Uganda, aliyekimbia baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977 chini ya Idi Amin, na ambaye mwaka huohuo alitoa kitabu alichokiita kwa Kiingereza I Love Idi Amin, yaani kwamba anampenda Idi Amin. Lakini kabla ya hayo alikuwa mwalimu kama tutakavyokuwa sisi, na miaka ya 1940 na 1950 alifundisha Dodoma. Alipookoka ujanani, alikuwa na mzungu mmoja anayemchukia kweli. Anasimulia kwamba aliona hawezi kukaa na wokovu wake kimya, akapanda baiskeli akaenda maili 50 kumwomba mzungu yule msamaha. Maili 50, vilima vya Kigezi, bila lami! Angeweza kusema Mungu anaangalia moyo akabaki nyumbani. Lakini alijua kwamba moyo ukigeuzwa, miguu nayo inageuka.

Mpaka hapo habari ni tamu, na mahubiri mengi yangeishia hapa, tukaimba na kufunga kwa sala. Mie siwezi kuishia hapa, kwa sababu natoka Ngara.

Mwaka 1994 nchi ileile uamsho ulikozaliwa iliua watu wake. Sensa ya Rwanda ya 1991 ilionyesha kwamba karibu watu tisa kati ya kumi walikuwa Wakristo. Tisa kati ya kumi! Na ndani ya siku mia moja hivi, kuanzia Aprili 1994, Watutsi na Wahutu waliokataa mauaji waliuawa kwa mamia ya maelfu, wengi na majirani zao, wengi ndani ya makanisa. Katikati ya Aprili, kwenye parokia ya Nyarubuye, ambayo haiko mbali na mpaka wetu, maelfu waliokimbilia kanisani waliuawa. Meya wa wilaya ya Rusumo wakati huo, Sylvestre Gacumbitsi, alivuka mpaka akaja Tanzania, akakamatwa mwaka 2001, na mahakama ya Arusha ikamhukumu mwaka 2004 miaka 30 jela. Mwaka 2006 rufaa ikaifanya kuwa kifungo cha maisha.

Mto Kagera ulileta maiti. Zilipita Rusumo zikaenda mpaka Ziwa Victoria, na kule Rakai, Uganda, watu wakawa wanaziopoa na kuzizika, samaki hawaliki. Kisha tarehe 28 na 29 Aprili 1994 likaja kundi la walio hai. Inakadiriwa watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 wakaingia Ngara. Kambi ya Benaco ilizaliwa kwa usiku mmoja. Ndani yake walikuwemo watoto na akina mama wasio na hatia, na walikuwemo pia waliotoka kuua. Wazee wa Ngara waliowapokea wanasema kitu kimoja kilichowachanganya: Jumapili zilipofika, watu wale waliimba nyimbo za kanisa, na waliimba vizuri.

Hapo ndipo swali linapotubana. Kama badiliko la ndani ndiyo mwanzo wa kila kitu, na kama lilianzia palepale Gahini, imekuwaje? Wenzetu wa mfumo wananiuliza swali hili na kucheka. Nami siwezi kulijibu kwa "hao hawakuwa Wakristo wa kweli" halafu tukaendelea kunywa chai. Hilo ni jibu jepesi mno.

Jibu langu lina sehemu mbili.

Kwanza, moyo haurithiwi. Uamsho ulikuwa wa mtu mmojammoja kama Kinuka juu ya lori. Miaka sitini baadaye wajukuu walikuwa wamerithi jina la ubatizo, wamerithi nyimbo, wamerithi hata namna ya kutoa ushuhuda. Ukristo ulikuwa umekuwa kitu cha kuandikishwa, kama kitambulisho. Ule mgeuko wenyewe hauandikishwi popote. Nikodemo alikuwa mwalimu wa dini, mtu mzima anayeheshimika, na bado Yesu alimwambia azaliwe upya. Hakumwambia kwamba kwa kuwa baba yake alikuwa mcha Mungu basi inatosha.

Pili, na hapa ndipo nawauma walokole wenzangu, kuna vyumba vya moyo ambavyo watu hawakuruhusu viguswe. Mtu alitubu ulevi, akatubu uzinzi, akatubu tumbaku. Kabila hakulitubu, kwa sababu hakuliona kama dhambi, aliliona kama yeye mwenyewe alivyo. Wokovu wake ukawa habari kati yake na Mungu tu, na jirani hakuhusika. Siku redio ilipoanza kuwaita majirani mende, chumba kile kilikuwa bado na kufuli.

Najuaje kwamba shida haikuwa moyo wenyewe bali moyo uliobaki nusu? Kwa sababu wapo ambao mgeuko wao ulifika mpaka huko. Kenya, miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, ndugu wa uamsho wa Kikikuyu walikataa kula kiapo, na wengi wao walikataa pia kupokea bunduki za serikali ya kikoloni. Walisema hawawezi kumuua mtu ambaye Kristo amemfia, awe mweusi au mweupe. Wengine waliuawa kwa msimamo huo.

Na Rwanda yenyewe, 1994, mjini Gisenyi, alikuwepo mama mmoja Mkatoliki, Felicitas Niyitegeka, Mhutu. Aliwaficha Watutsi kwenye nyumba ya kitume aliyokuwa akiisimamia, na kuwasaidia wengine kuvuka kwenda Kongo. Kaka yake alikuwa kanali wa jeshi, akamtumia ujumbe aondoke ajiokoe. Alikataa kuwaacha. Waliokuja kuua walimpa nafasi ya kubaki hai, naye akachagua kufa pamoja na wale aliowaficha. Rwanda inamhesabu leo miongoni mwa mashujaa wake wa taifa. Huyu hakuwa Balokole, hakusimama Gahini. Lakini badiliko ni lilelile, lililofika kwenye damu na kabila. Mfumo wote ulikuwa unamwambia aue au aondoke. Ndani yake kulikuwa na kitu ambacho mfumo haukukiweka na haukuweza kukitoa.

Kwa hiyo ndugu zangu wa sosholojia, 1994 ilikuwa na mfumo, tena uliopangwa vizuri sana, wenye orodha na vizuizi vya barabarani. Mfumo ukioza, kinachobaki ni mtu mwenye moyo uliogeuka. Na ndugu zangu walokole, moyo uliogeuka nusu ni hatari, kwa sababu unampa mtu amani ambayo hajaistahili.

Sasa mtu asidhani nayasema haya kuwasema Wanyarwanda. Kwetu nako kuna mtihani wake. Ngara na Biharamulo ni mahali ambapo mtu anaweza kuulizwa, "Hivi wewe ni Mtanzania kweli?" kwa sababu ya pua yake au lafudhi yake. Bugufi yenyewe, nchi ya Wahangaza, enzi za Wajerumani ilihesabiwa upande wa Urundi, baadaye ndipo ikawekwa Tanganyika. Wahangaza na Warundi tunaelewana lugha. Mwaka 2013 ilipokuja amri ya wahamiaji haramu kuondoka, na baadaye Operesheni Kimbunga, watu waliokaa miongo mingi, walioa na kuzaa hapo, walifungasha virago. Serikali ina haki ya kulinda mipaka, hilo sibishi. Swali langu ni la kanisani. Jirani yako wa miaka ishirini anapoondoka kwa haraka na ng'ombe wake anawauza kwa bei ya kutupa, wewe mlokole unanunua? Na aliyenong'ona jina la jirani kwa sababu ya ugomvi wa shamba, Jumapili alikaa benchi la ngapi? Haya si mambo ya Gahini ya zamani. Ni ya juzi, na ni ya kwetu.

Nikitafuta mtu wa kwetu aliyeliona hili vizuri namkumbuka Askofu Christopher Mwoleka wa Jimbo Katoliki la Rulenge, jimbo lililohudumia Ngara na Biharamulo, aliyekuwa askofu tangu 1969 hadi 1996. Huyu bwana alikuwa na tabia ambayo maaskofu wenzake waliishangaa. Alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akalima pamoja na wanakijiji. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kukuna kichwa tu bali ni maisha ya kuigwa: Baba, Mwana na Roho wanashirikishana kila kitu, basi na sisi tushirikishane. Alikuwa miongoni mwa waliozisukuma sana jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970.

Kwa nini namleta? Kwa sababu aliona kwamba moyo uliogeuka unahitaji watu kumi au kumi na tano wanaoujua. Siyo kanisa la watu elfu mbili ambapo unaingia na kutoka bila mtu kujua kama umelipa deni. Jumuiya inajua nani hana chumvi, nani amempiga mkewe, nani amemdhulumu nani mpaka wa shamba. Walokole wa zamani walikuwa na mikutano yao midogo ya ushirika, kazi ikawa ileile. Mkatoliki na Mwanglikana wa kwetu walifika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti: geuka ndani, kisha keti na watu watakaokuuliza.

Najua kuna mtu atasema, "Sasa unatuletea wokovu wa matendo." Hapana. Kwenye saikolojia ya elimu tulifundishwa wiki za mwanzo kabisa kwamba kujifunza ni badiliko la kudumu la tabia. Mwanafunzi akihudhuria vipindi vyote, akanakili desa zote, halafu hakuna kilichobadilika kwake, mwalimu hawezi kusema amejifunza. Lakini hakuna anayesema kwamba mtihani ndio unaoleta kujifunza. Mtihani unaonyesha tu kama kujifunza kumetokea. Matendo ni hivyohivyo. Zakayo hakuokolewa kwa sababu alirudisha mara nne. Yesu aliingia nyumbani kwake kwanza, akala naye. Lakini ni pale Zakayo alipoanza kuhesabu fedha za watu ndipo Yesu alisema wokovu umefika nyumba ile. Hakuna aliyelazimika kuchungulia moyo wa Zakayo. Jirani zake waliona hela zao zinarudi.

Basi turudi hapa chuoni. Tuna TAFES, tuna CASFETA, tuna TMCS, tuna kwaya tatu na mikesha isiyo na idadi. Ni vitu vizuri, navipenda. Ila baada ya miaka michache sisi wa elimu tutapelekwa Nyakahura, Rulenge, Kabanga, na kwingine ambako mkaguzi anafika mara moja kwa mwaka. Darasani tutakuwa sisi na watoto tu, hakuna kamera. Mtoto wa kike atakuja ofisini kuomba msaada wa hesabu. Fedha za chakula cha wanafunzi zitapita mikononi mwetu. Mtoto ambaye wenzake wanamwita Mrundi atakaa benchi la nyuma akisubiri tuone au tusione. Siku hiyo sheria itakuwa mbali, Bukoba au Dodoma. Kitakachofundisha ni kile tulichokuwa nacho ndani tangu hapa.

Kwa hiyo kabla ya Jumapili nawaachia maswali matatu, wala msinijibu mie. Nani ninamdai Mungu anisamehe bila kwenda kumlipa? Kabila gani, au watu gani, nikisikia wamepatwa na baya moyo wangu unatulia badala ya kuumia? Na yupo mtu hata mmoja hapa chuoni ninayemruhusu aniulize maswali haya mawili na kusubiri jibu?

Bumu likitoka wiki hii, anza na lile la kwanza. Elfu ishirini ya mtu irudi. Mengine tutaongea tukionana kafteria.

Tuko pamoja. Wiki njema, na UE njema!